Kabla hujalala kwenye kitanda cha mkandaji

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mshonaji nguo hapa Tanga, mwenye umri wa miaka 51, na kwa muda mrefu shingo na mabega yananiuma kwa sababu ya kuinamia cherehani. Binti yangu aliye Dar es Salaam amenilipia saa moja ya kukandwa katika kituo cha masaji. Nilikandwa nyumbani nilipojifungua, lakini sijawahi kukandwa na mtu nisiyemjua, na kwa kweli naona haya. Je, nitatakiwa kuvua nguo zote? Nikimkuta mwanamume nifanyeje? Na kwa kuwa natumia dawa za presha, kuna hatari yoyote?

Msomaji, Tanga

JIBU: Mama, hakuna mkandaji mwenye haki ya kukulazimisha kuvua nguo zote. Kwa kawaida hukuonyesha chumba, hukueleza kama ulale kifudifudi au chali, kisha hutoka nje ili uvue zile tu unazoridhia kuvua na ujifunike shuka au taulo kubwa. Hubisha hodi kabla ya kurudi, na anapofanya kazi hufunua sehemu anayoikanda peke yake, akiimaliza akaifunika tena. Nguo ya ndani unaweza kubaki nayo. Tena kwa maumivu ya shingo na mabega unaweza kukandwa ukiwa umevaa nguo zako zote, umeketi, bila mafuta, kwani vituo vingine vina kiti maalumu cha kuegemea kifua na uso.

Kuhusu mwanamume, mwombe binti yako aulizie mkandaji wa kike wakati wa kuweka miadi, kwa kuwa ombi hilo ni la kawaida kabisa, na ukifika ukaambiwa hayupo, una haki ya kuahirisha. Matiti na sehemu za siri hazihusiki hata kidogo na matibabu ya shingo. Mkono ukielekea huko, au mtu akianza kutamka maneno ya mahaba, inuka, vaa nguo zako uondoke, wala usijihisi umekosa adabu, kwa maana aliyeikosa ni yeye.

Mkandaji anayeijua kazi yake atakuuliza maswali kabla ya kukugusa: unaumwa wapi, tangu lini, unatumia dawa gani, uliwahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji, una mzio wa mafuta yoyote. Anayekuelekeza kitandani bila kuuliza lolote, mimi nisingemkabidhi shingo yangu. Mtajie dawa zako za presha. Ikiwa presha yako imetulia, kwa kawaida hakuna kizuizi, ila ukimaliza usisimame ghafla. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, kwa sababu kuinuka upesi baada ya kulala kunaweza kukutia kizunguzungu. Ikiwa bado inapanda na kushuka, zungumza na daktari wako kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, naye aseme mapema, kwani mwili wake huvilia damu kwa urahisi, na mwenye homa au maambukizi ya ngozi asubiri hadi apone.

Wengi wetu tumelelewa kunyamaza mbele ya mtaalamu, na naamini kunyamaza huko ndiko kunakowaumiza watu zaidi kwenye kitanda hicho. Msuli uliokaza ukibonyezwa huuma kidogo, lakini ukijikuta unabana pumzi au unakunja ngumi, mwambie apunguze nguvu. Unaweza kumsimamisha wakati wowote, hata kama saa haijaisha. Uchovu wa misuli wa siku moja au mbili baadaye si jambo la kukutia hofu. Ukiambiwa kwamba kukandwa kunatoa sumu mwilini, usiongeze hata senti kwa ajili hiyo, kwa kuwa kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo.

Nafuu utakayoipata huenda isidumu ikiwa utarudi kuinama vilevile, kwa hiyo pandisha meza ya cherehani au ubadilishe kiti, na uwe unasimama kujinyoosha kila baada ya muda. Ila kama maumivu yanashuka mkononi yakiambatana na ganzi au udhaifu wa vidole, nenda hospitali kwanza, kituo cha masaji kitakusubiri.

SWALI: Mimi ni dereva wa basi la masafa marefu. Tangu nimalize safari ya juzi, shavu la mguu wangu wa kushoto limevimba, lina joto na linauma. Wenzangu wananishauri nikachuliwe kwa mafuta ya moto. Niende?

Msomaji, Mwanza

JIBU: Usiende, ndugu yangu, na usikubali mtu yeyote auchue mguu huo. Mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma baada ya kukaa kwa saa nyingi kunaweza kuwa dalili ya damu iliyoganda katika mshipa wa ndani, na kuuchua kunaweza kulimega donge hilo, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Nenda hospitali leo hii, ueleze ulivyokaa kwenye usukani, ili mguu upimwe kwa altrasaundi. Ukianza kukosa pumzi, kuumwa kifua au kukohoa damu, usijiendeshe mwenyewe. Mtu akupeleke mara moja kwenye kitengo cha dharura.