Kantangaze: kwa nini wanarudi baada ya dawa?

Swali: Majani ya nyanya zangu yana mabaka makavu, na matunda yana vitundu karibu na kikonyo. Nimeambiwa ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayekula nyanya. Nilipiga dawa wakapotea, wiki tatu baadaye wakarudi. Nondo mwenyewe anafananaje, ametokea wapi na anazalianaje?

Jibu: Hawakurudi, ndugu. Walikuwa humo humo shambani, mahali ambapo dawa haikufika.

Nondo huyu, Tuta absoluta, ni rahisi kumpita bila kumwona. Mwili wake ni milimita 5 hadi 7, rangi ya majivu yenye madoa meusi, na vipapasio vya kichwani mwake ni kama uzi uliotungwa shanga. Mchana hujibanza katikati ya majani. Jike anaweza kutaga mayai 260 maishani, na kila yai halifiki nusu milimita.

Kiwavi akianguliwa hutoboa jani na kuingia kati ya ngozi ya juu na ya chini, akala nyama yote na kuacha ngozi tupu kama karatasi. Chuma jani lenye baka ulielekeze kwenye mwanga: utamwona ndani, wa kijani au wa waridi, ana mstari mweusi nyuma ya kichwa, na kinyesi chake cheusi kimerundikana. Tafadhali fanya hivyo kabla ya kununua dawa yoyote, kwa sababu wengi humchanganya na inzi mchora majani. Mchirizi wa inzi huyo ni mwembamba na unajipinda kama nyoka, na funza wake hana miguu.

Kiwavi akikomaa, mara nyingi hujishusha kwa uzi wa hariri na kuwa pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) udongoni. Wengine hugeukia ndani ya jani lile lile. Hapo ndipo waliposalimika wako. Kwenye nyuzi joto 27 safari kutoka yai hadi nondo huchukua takriban siku 24, ndiyo hizo wiki tatu zako na ushee. Kwenye nyuzi 14 hufika siku 76.

Asili yake ni Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na kielelezo cha Huancayo, Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, 2008 Afrika Kaskazini, na 2014 alikuwa ameshafika Tanzania. Husafiri na matunda, miche na makreti.

Ng'oa masalia ya zao mapema, pamoja na mnavu ulio kando ya shamba, kwani huzaliana humo pia. Usirudie dawa ya kundi lile lile, huizoea haraka. Mtego wa feromoni, yaani wenye harufu ya jike, hunasa madume tu, kwa hiyo peke yake hautamaliza tatizo, ila utakuonyesha siku nondo walipoanza kutoka. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa siku 4 au 5 baada ya kutagwa. Tangu mtego unapoanza kunasa, pita ukigeuza majani machanga ya juu kutafuta mayai na viwavi, mmea kwa mmea.