Jibu: Mtoto wa miaka 5 na mafunzo ya kuogelea hapa Kigoma

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 5 amechelewa kuanza kujifunza kuogelea, na kama maboya ya mikononi yanatosha mnapokwenda ziwani. Hajachelewa, watoto wengi wakifika miaka 4 huwa tayari kufuata maelekezo ya mwalimu. Maboya yale ya kujazwa upepo, kwa maoni yangu, ni vitu vya kuchezea tu, kwa kuwa huchomoka au kuisha upepo, tena humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao uleule wa mtu anayezama.

Mwalimu mzuri huanza na pumzi: mtoto hupuliza mapovu uso ukiwa majini, kisha hulazwa chali, masikio ndani ya maji na kiganja cha mwalimu chini ya kisogo, mpaka siku atakapoelea mwenyewe. Mitindo huja baadaye sana, hivyo usimharakishe eti kwa sababu mtoto wa jirani anapiga mbizi.

Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia takribani mita 1,470, si bwawa la hoteli, na mahali pengine kina huongezeka ghafla karibu kabisa na ufukwe. Waulize wavuvi wa eneo husika kuhusu kina na mamba, na uepuke maji yaliyotulia yenye majani, wanakokaa konokono wa kichocho. Hata akishaweza kuogelea, kaa mahali unapoweza kumfikia kwa mkono, simu ikiwa mfukoni, kwani anayezama mara nyingi hapigi kelele.