Maswali ya Wasomaji: Ameachiwa Huru, Je, Bado Anaweza Kudaiwa Fidia?

Safu hii inajibu kwa ujumla. Muda wa kufungua maombi, fomu na ada hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kabla hujachukua hatua, uliza masjala ya mahakama yenyewe.

SWALI: Mtu aliyempiga mdogo wangu hadi akavunjika mkono ameachiwa huru. Hakimu alisema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kesi. Je, fidia ndiyo basi tena?

JIBU: Hapana. Ile kesi ya jinai haikuwa ya mdogo wako. Ilikuwa ya dola dhidi ya mshtakiwa, na mdogo wako aliitwa kama shahidi tu. Anayo haki ya kufungua shauri la madai kwa jina lake mwenyewe.

Kinachotofautisha mashauri haya mawili ni kipimo cha ushahidi. Kwenye jinai, hakimu akibakiwa na shaka yenye mashiko, anamwachia mshtakiwa, hata kama moyoni anahisi ndiye aliyefanya. Kwenye madai anapima maelezo ya pande mbili na kuuliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo maana ushahidi uleule unaweza kushindwa huku na kushinda kule. Mfano maarufu ni wa O.J. Simpson nchini Marekani. Mwaka 1995 aliachiwa huru katika mashtaka ya mauaji, na mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama katika shauri la madai likamwona anawajibika kwa vifo vilevile; fidia ikawa dola milioni 33.5. Tofauti nyingine ilijitokeza humohumo: kwenye jinai alitumia haki yake ya kutotoa ushahidi, lakini kwenye madai alilazimika kujibu maswali ya mawakili wa familia za marehemu.

Kosa linaloua mashauri mengi ya namna hii ni kusubiri. Familia inakaa ikingoja kesi ya jinai iishe, kumbe ukomo wa muda wa kudai mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya kuumizwa. Ulizeni leo siku ya mwisho ni ipi.

Kisha kusanyeni ripoti ya daktari ya siku ya kwanza (ya wiki ya tatu haina nguvu kama hiyo), picha ya eksirei, risiti za matibabu na usafiri, na barua ya mwajiri inayotaja siku za kazi alizokosa na ujira uliopotea. Ombeni pia nakala ya mwenendo wa kesi ya jinai. Shahidi akija kusema tofauti na alivyosema mwanzo, nakala hiyo ndiyo itakayombana.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa ada: je, huyo mtu ana mshahara, kiwanja, gari au biashara? Mahakama inaweza kumwamuru alipe, lakini haiwezi kumpa pesa asiyokuwa nayo.

(Wasomaji walio katika nchi zenye mfumo wa sheria wa Kifaransa wana njia fupi zaidi: aliyedhurika huruhusiwa kujiunga na kesi ileile ya jinai na kudai fidia yake humo.)

SWALI: Aliyekopa pesa kwangu alikiri deni kwa ujumbe wa simu. Nimepiga picha ya skrini. Inatosha?

JIBU: Ni mwanzo mzuri, ila peke yake ni dhaifu. Yeye atasema namba si yake, au kwamba picha imechezewa, na picha ya skrini kweli huchezewa kirahisi.

Tunza simu yenyewe na usifute chochote, hata maneno yako makali. Mazungumzo yaliyokatwakatwa hutia shaka kuliko matusi. Chapisha mazungumzo yote, namba, tarehe na saa zikionekana, wala usichape jina pekee ulilolihifadhi wewe, kwa kuwa jina hilo unaweza kuliandika utakavyo. Tafuta kitu kinachomfunga na namba ile, kama vile muamala wa pesa uliotoka kwake au ujumbe mwingine alioutuma kutoka namba hiyohiyo kuhusu jambo lisilobishaniwa. Nchi nyingi hudai pia hati ya kiapo au cheti kinachoeleza simu ni ya nani na ujumbe ulitolewaje. Kukosa hati hiyo ni sababu ya kawaida ya ushahidi wa simu kukataliwa.

Kukiri kwake mwenyewe kunapokelewa. Rafiki yako akija kusema "dereva wake aliniambia kwamba jamaa anakubali deni", huo ni ushahidi wa kusikia. Mlete huyo dereva.

SWALI: Nimepata habari kwamba nimeshindwa kesi ambayo sikuwahi kujua ipo. Dalali wa mahakama anataka kuchukua mali zangu. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia masjala, si kwa dalali. Peleka namba ya kesi, omba kuona jalada, na tafuta karatasi moja: hati ya kiapo ya mtu aliyesema alikufikishia samansi. Humo ataeleza lini, wapi na kwa nani aliiacha. Kama aliibandika kwenye nyumba uliyohama zamani, au alimkabidhi mtu usiyemfahamu, hapo ndipo penye hoja yako.

Hukumu ya upande mmoja, yaani iliyotolewa bila wewe kusikilizwa, hutenguliwa kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo. Ndani yake jibu mambo mawili: kwa nini hukufika, na utetezi wako ni upi. Watu hujaza kurasa kuhusu la kwanza na kusahau la pili. Wewe ambaye samansi haikukufikia una nguvu zaidi kuliko aliyeipata akapuuza, lakini hakimu bado atataka kujua kama kuna cha kusikilizwa. Andika mambo mahususi, kwa mfano "nililipa tarehe fulani, risiti ni hii". Neno "sidaiwi" pekee halimsaidii.

Siku hiyohiyo omba pia amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Maombi ya kutengua peke yake hayamzuii dalali, na mali ikishauzwa kwa mnada, kuirudisha ni vita nyingine. Eleza pia siku uliyoijua hukumu na ulivyoijua, kwa sababu muda wa kuomba ni mfupi na kila siku ya kuchelewa utaulizwa.

Usimsainie dalali karatasi ya kukubali kulipa kwa awamu ili kupata nafasi ya kupumua. Karatasi hiyo itasomwa kama kukubali deni.

SWALI: Nikikata rufaa, naweza kuleta shahidi ambaye sikumwita mwanzo?

JIBU: Kwa nadra sana. Rufaa hupitia kumbukumbu za mahakama ya chini kuona kama hakimu alikosea. Haianzishi kesi upya. Uingereza, katika kesi ya Ladd dhidi ya Marshall ya mwaka 1954, yaliwekwa masharti matatu ambayo mahakama za nchi nyingine pia huyafuata: ushahidi usingeweza kupatikana wakati ule hata kwa juhudi za kutosha, uwe na uzito wa kuweza kubadili matokeo, na uwe wa kuaminika. Shahidi uliyemjua ukaamua kutomwita anaanguka kwenye sharti la kwanza. Tumia nguvu zako kwenye sababu za rufaa: onyesha ukurasa wa mwenendo wa kesi na sentensi ya hukumu inayopingana nao.