Shangazi Anajibu: Ukweni China, ndani baridi na bibi hataki kusikia

Barua za safari hii nyingi zinatoka kwa walioolewa au waliooa Uchina na sasa wanajiandaa kwenda kuwaona wakwe, wengi wamelenga sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mimi ukweni kwangu ni mkoa wa Hunan kwa hiyo nitajibu kwa nilichokiona, ila China kubwa jamani, ya Hunan usiende ukamwambia mtu wa Beijing ndo mila yenu.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu kwao Changsha, Hunan, tunaenda Januari na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Naambiwa nyumba za huko hazina joto wakati kwenye video za Beijing naona watu wamekaa ndani na fulana! Halafu mama mkwe kila tukiongea kwa simu anasema mtoto hajavaa vizuri. Nishachoka kabla sijafika. – Mama Junior

Marahaba mwanangu. Ulichoambiwa ni kweli. Ule mfumo wa mabomba ya joto yanayoingia kila nyumba serikali iliupangia kaskazini tu, tangu miaka ya 1950, na mpaka wake unafuata milima ya Qinling na mto Huai. Beijing wanawashiwa tarehe 15 Novemba mpaka 15 Machi, kusini ya huo mstari kila mtu na lake, na Changsha iko kusini. Kwa hiyo utakuta nje nyuzi 5 na ndani hivyohivyo, tena na unyevu juu, na mama mkwe bado anafungua madirisha asubuhi hewa iingie. Usishangae mkila na makoti.

Ila wana dawa yake. Nyumba nyingi za Hunan zina meza yenye hita kwa chini, juu imefunikwa blanketi zito linaloshuka mpaka sakafuni, mnaingiza miguu wote humo, mnakula hapo, mnamenya machenza hapo, karata hapo, umbea hapo. Ukitoka kwenda chooni ndo utajua ulikuwa wapi. Beba nguo za ndani za kubana za joto, soksi nene, na mwambie mume aweke blanketi la umeme kitandani kabla hamjafika. Makoti makubwa usihangaike nayo, kule yapo na bei nzuri.

Sasa la mtoto. Mama mkwe atamvika tabaka tatu nne mpaka mikono isimame, hilo lijue. Kipimo chake ni mgongo: ataingiza mkono shingoni kwa nyuma, akikuta jasho atachomeka kitaulo kidogo mgongoni kinyonye, akikuta pakavu ataongeza sweta. Na anaweza kuleta suruali iliyopasuliwa katikati ili mtoto achuchumae tu afanye haja, wazee wengi bado wanaipenda, pampasi wanaona inamchemsha mtoto. Mimi hiyo suruali ningeiacha ndani ya nyumba, wala isingenikosesha usingizi. Nisichokubali ni mtoto kulala usiku na masweta yote hayo chini ya duveti, hapo simama. Lakini usisimame wewe, asimame mumeo, tena kwa lugha yao, na mwingine asiwepo chumbani. Neno la mkwe linaitwa dharau hata kama ni lilelile, la mtoto wake wa kumzaa analalamika kidogo halafu yanaisha. Na umwachie bibi mtoto masaa ya asubuhi aende naye sokoni na kwenye uwanja wanakocheza ngoma wamama wa mtaa, amwoneshe kwa wenzake. Watampiga picha hao, wengine watashika nywele. Kama hutaki, hilo nalo mumeo amwambie mama yake mapema.

Asalaam alaykum. Mke wangu ni Mchina, alisilimu kabla ya ndoa, wazazi wake hawajasilimu na wako kijijini Henan. Naogopa chakula kuliko kitu chochote, nguruwe kila kona, na baba mkwe nasikia anapenda kugonga glasi. Nifanyeje nisiwavunjie heshima? – Mkwe Mpya

Waalaykum salaam. Kwanza bahati yako ni Henan, Waislamu wa Kihui ni wengi mkoa ule, kwa hiyo mjini hukosi bucha na mgahawa wenye kibao kilichoandikwa 清真 (qingzhen), ndo alama yao ya halali, maana maandishi ya Kiarabu sehemu nyingi yaliondolewa. Ng'ombe na kondoo mnunue hapo mwende navyo kijijini.

Tatizo halipo kwenye nyama unayoiona. Ukisema sili nguruwe, mama mkwe kwa moyo mweupe kabisa atachukua ile sahani ya kabichi, atatoa vipande vya nyama kimoja kimoja kwa vijiti, atakusogezea kabichi, haya kula mwanangu hakuna nyama. Na mboga zenyewe pengine zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, karai ni moja. Huyo hajakudharau, kwake nguruwe ni kipande cha nyama na kipande ameshakitoa. Ndo maana hili haliongelewi mezani watu wameshashika vijiti. Mkeo apige simu wiki mbili kabla amweleze mama yake mafuta, karai, mchuzi, vyote. Mkifika nunueni karai jipya na sufuria, mvikabidhi kwake kama zawadi ya jikoni, na mkeo apike naye. Mayai na nyanya, tofu, samaki, viazi vya kukatwa nyembamba kama kiberiti na siki, hutalala njaa. Usiku wa mwaka mpya kaskazini wanakaa familia nzima kufunga jiaozi, vile vidonge vya unga vyenye kujazwa ndani, nawe kaa ufunge, ombeni tu sinia moja iwe ya mayai na majani ya vitunguu na ichemshwe kwenye sufuria yenu. Zako zitatoka mbaya, watacheka, na hapo ndo utakuwa umeingia ukoo.

Pombe ni rahisi kuliko unavyodhani. Kugonga kwa chai kunakubalika, ilimradi na wewe uinuke ugonge. Shika kikombe kwa mikono miwili na mdomo wa kikombe chako uwe chini kidogo ya glasi ya baba mkwe, hapo umemheshimu hata kama ndani ni maji ya moto. Ukikaa tu kimya bila kuinua kitu ndo utamuudhi. Na sahani isikae tupu muda mrefu lakini pia usiimalize haraka, maana ukimaliza wanajaza, wanajaza, mpaka uombe poo.

Shangazi mambo, naenda mara ya kwanza peke yangu mume atanipokea uwanjani. Viza gani naomba, nibebe hela taslimu ngapi, na WhatsApp itashika? – Bi Harusi wa Mbali

Poa mdogo wangu. Kutembelea familia ya raia wa China viza ni Q2, mwisho siku 180, zaidi ya hapo ni Q1. Utatakiwa barua ya mwaliko, nakala ya kitambulisho cha anayekualika na cheti cha ndoa.

Halafu kuna jambo wengi wanalisahau kwa sababu hotelini hufanyiwa: ukilala nyumbani kwa mtu lazima mkajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya masaa 24 tangu kufika. Mnaenda na pasipoti yako, kitambulisho cha mwenye nyumba na karatasi za nyumba. Hawawatishi, ni kazi ya dakika chache, ila msipoenda sheria inaruhusu onyo au faini mpaka yuan 2,000, hela yao hiyo. Na mkihamia kwa wifi yako mji mwingine mnajiandikisha tena huko, wazee wengi hawalijui hili watakwambia haina haja. Ina haja.

Hela taslimu beba kidogo tu za dharura. Kule mpaka muuza viazi vya kuchoma analipwa kwa simu, kwa hiyo weka Alipay au WeChat, programu zao za kulipia, ukiwa bado nyumbani, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, manunuzi chini ya yuan 200 hayana makato, kuanzia hapo juu wanakata asilimia 3. WhatsApp, Google, Instagram, YouTube vimefungwa. Laini yako ya nyumbani ukiiwezesha kutumika nje huwa inapita, ila bando litakuuma, hivyo mama yako mwekee WeChat, ndo wanayochatia pia, kabla hujaondoka mzoee wote.

Na treni za kipindi cha sikukuu tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla na zinaisha palepale, mumeo anunue kwa jina la pasipoti yako, herufi moja ikikosewa mtasumbuka getini.

Shangazi nipeleke zawadi gani? Na je watoto wa ndugu nao nawapa? – Wifi

Saa ya ukutani usipeleke, wanaihusisha na mazishi. Chai, kahawa, kitambaa, vyote sawa, watakataa mara mbili tatu ndo wapokee, na hawatafungua mbele yako.

Wakwe wapeni bahasha nyekundu yenye hela ndani, noti mpya, na kiasi kisiwe na 4, kwao ni namba ya mkosi. Watoto wa ndugu nao wanasubiri zao. Kabla ya kuwapa muulize mumeo baba zao walimpa mwanenu ngapi, au walitoa ngapi kwenye harusi yenu, maana inakumbukwa na inatakiwa irudi palepale au ipande kidogo. Bahasha zenyewe nunua kulekule, mwezi wa sikukuu zinauzwa mpaka kwenye genge la mboga.