Mbuzi ametupa mimba, paka yuko ndani: mama mjamzito aanzie wapi?

SWALI: Nina mimba ya miezi 4, naishi Ndosho, hapa Goma. Juzi usiku mbuzi wetu alitupa mimba, nikalivuta kondo lake kwa mikono mitupu. Mama mkwe anasema nimfukuze paka, eti ndiye atakayemdhuru mtoto. Ni kweli?

JIBU: Pole, mama. Paka tutamrudia, hatari yako ya sasa iko kwa mbuzi.

Mbuzi akitupa mimba kwa ugonjwa, damu, maji ya uzazi na kondo hujaa vijidudu. Tunaogopa zaidi bruselozi, inayopenya hata kwenye mchubuko mdogo kando ya ukucha, na homa ya Q, inayovutwa puani pamoja na vumbi la zizi. Zote mbili zinaweza kuharibu mimba.

Nenda CPN, kliniki ya wajawazito, wiki hii, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Mwambie mkunga hivi hivi: "Nilishika kondo la mbuzi aliyetupa mimba," na siku yenyewe. Usipomwambia, hatakuwa na sababu ya kuitafuta. Bruselozi hujitokeza mara nyingi baada ya wiki 2 hadi 4, pengine miezi: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na viungo kuuma. Ni rahisi kuiita malaria au tifoidi, na wiki zikapita bure. Kipimo cha damu cha mapema kikiwa safi, kirudiwe baadaye. Tafadhali usijinunulie doksisiklini wala tetrasiklini: hutibu bruselozi, lakini zinaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto. Daktari ana dawa nyingine za mjamzito.

Kondo hufukiwa kwenye shimo refu lenye chokaa, lakini juu ya makoro yetu, haya mawe ya volkano, nani atalichimba? Basi lichomwe mpaka liwe majivu, na mtu mwingine, amevaa glavu na kufunika pua na mdomo. Mbwa wasiliguse. Zizi limwagiwe maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kufagiwa, kwani kufagia pakavu ndiko kunakorusha vumbi. Wewe usiingie humo mpaka ujifungue.

Maziwa ya mbuzi huyo usinywe. Hata ya ng'ombe yanayoshuka kutoka Masisi kwenye bidoni, usidanganywe na povu: hupanda kabla hayajachemka. Koroga, yaache yatokote dakika chache. Mashanza, yaani maziwa mgando, pia: chemsha maziwa kwanza ndipo uyagandishe. Uchachu peke yake si kinga.

Sasa paka. Mama mkwe hajakosea kabisa: paka anaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplazma, kinachoweza kumharibu mtoto macho na ubongo. Lakini mayai ya kimelea hicho hutoka kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 tu, kwa kawaida paka anapoambukizwa mara ya kwanza, na huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mwingine, na chombo kimwagiwe maji yanayochemka; javel haiyaui. Paka abaki, ila asipewe nyama mbichi. Nawe, brosheti ya mbuzi yenye wekundu katikati irudishe kwenye moto wa makala: kimelea hicho hukaa ndani ya nyama pia.