Maswali ya Wasomaji: Filamu Iliyokarabatiwa na Chenga Zake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kirumba, Mwanza, na ninakusanya filamu za zamani za kutisha. Kwa miaka mingi nimekuwa na nakala ya bei rahisi ya "Night of the Living Dead". Hivi karibuni kaka yangu aliyeko Uingereza ameniletea diski ya Blu-ray ya filamu hiyohiyo, na kasha linaeleza kuwa imekarabatiwa kwa 4K, yaani picha ya kidijitali yenye nukta zipatazo 4,000 kwa upana. Picha ni nzuri, lakini nikisogea karibu naona chenga ndogondogo zikichezacheza angani na ukutani. Je, kaka ameuziwa bidhaa mbovu? Au niiwekee televisheni mpangilio wa kupunguza chenga?

JIBU: Kaka yako hakupunjwa, na mpangilio huo tunakuomba uuzime kabisa. Chenga unazoziona zimo katika mkanda wenyewe: ni alama ya chembe za madini ya fedha zilizoichora picha hiyo mwaka 1967, mwongozaji George A. Romero na wenzake walipoipiga filamu yao mashambani karibu na Pittsburgh, Marekani, kwa mkanda wa milimita 35 usio na rangi. Ukizifuta, unafuta pamoja nazo kila kitu kilichochorwa nazo, kama vile nywele, mikunjo ya nguo na makunyanzi, na nyuso za waigizaji zinabaki laini kama nta.

Ubovu wa nakala yako ya awali una chanzo chake. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takribani dola 114,000, fedha ndogo mno kwa sinema ya Marekani hata kwa wakati ule, na damu inayoonekana ndani yake ni sharubati ya chokoleti. Ilipokaribia kutolewa mwaka 1968, msambazaji aliibadilisha jina, na katika kubandika jina jipya tangazo la hakimiliki likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kosa hilo lilitosha kuifanya filamu iwe mali ya umma, hivyo yeyote aliyeweza kupata mkanda alikuwa huru kuuza nakala. Wengi walianzia kwenye mikanda iliyokwisha kuchakaa katika majumba ya sinema, wakanakili kutoka humo, kisha wengine wakanakili nakala zao. Na kwa kuwa kila hatua huzidisha giza penye giza na kuunguza penye mwanga, mtazamaji wa mwisho aliletewa vivuli vinavyosogea gizani, akaambiwa kuwa ndiyo filamu yenyewe.

Ukarabati uliokamilika mwaka 2016, ukiongozwa na jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, ulirudi kwenye negativu, yaani mkanda uleule uliopita ndani ya kamera. Romero mwenyewe, aliyefariki mwaka 2017, aliwahi kuusimamia. Filamu ya dakika 96, yenye picha 24 kila sekunde, ina picha zaidi ya 138,000, na mikwaruzo, vumbi na michaniko hutafutwa katika picha hizo zote. Hapo ndipo busara ya fundi hupimwa, kwa sababu kompyuta inaweza kufuta karibu kila kitu. Kwa maoni yetu kanuni ni hii: kasoro iliyoletwa na uchakavu iondolewe, lakini iliyotokana na ufukara wa watengenezaji iachwe palepale. Vipodozi hafifu vya wale wafu wanaotembea, taa zisizotosha na sauti yenye mwangwi wa nyumba tupu ni sehemu ya hofu yenyewe, na anayevirekebisha anatengeneza filamu nyingine.

Kwa hiyo, utakaponunua tena, usiridhike na neno "4K" pekee. Tafuta maelezo ya chanzo cha picha, kwa maana mkanda uliochakaa ukiskaniwa, yaani ukinakiliwa kidijitali, kwa 4K hukuonyesha uchakavu wake kwa ukali zaidi.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Bukoba. Nimerithi kwa marehemu mjomba makopo ya filamu za milimita 16, na baadhi yakifunguliwa yananuka siki. Nifanye nini?

JIBU: Pole kwa msiba. Harufu hiyo ni asidi inayotoka katika plastiki ya mkanda, aina ya asetati, inapooza. Joto na unyevu huharakisha jambo hili, nasi wa kando ya Ziwa tunavyo vyote viwili. Asidi hiyo huchochea uozo zaidi na huweza kuambukiza mikanda jirani, kwa hiyo leo hii tenga makopo yanayonuka na yasiyonuka, kisha uweke kila kundi katika chumba chake kikavu, chenye ubaridi na hewa ya kutosha, mbali na bati la paa. Uozo huo hautibiki. Hupunguzwa kasi tu. Mkanda uliosinyaa au kujikunja usiupitishe kamwe kwenye projekta, kwa kuwa meno yake yataukata matundu. Anza kuskani yale makopo yanayonuka, hata kama filamu unazozipenda zimo katika mengine, maana hayo mengine bado yanaweza kusubiri.