Ilunga Makabu na mkanda wa kruza: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanamhusu Ilunga Makabu, bondia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia, moja ya vyombo vinavyotoa mikanda ya ubingwa) katika uzito wa kruza kuanzia Januari 2020 hadi Februari 2023. Nimefurahi kuyapata. Makabu ni bondia ninayemheshimu sana, na naamini hakupewa heshima yake hata huku kwetu, ambako kila mtoto anajua habari za Mike Tyson.

Uzito wa kruza ni kilo ngapi? Na kwa nini mabingwa wake hawavumi? (Msomaji, Morogoro)

Mwisho wake ni kilo 90.7, sawa na pauni 200. Chini yake kuna laiti hevi inayoishia kilo 79.4, na juu yake wako wababe wa uzito wa juu. Zamani hapo katikati hapakuwa na kitu: ukishapita laiti hevi unapambana na yeyote, awe na kilo 85 au 110. Rocky Marciano alitawala uzito wa juu miaka ya 1950 akiwa na kilo 85 hivi. Leo angepangwa kruza. Miili ya wababe ilipozidi kukua, WBC ikaona wenye kilo za kati wanaonewa, ikaanzisha daraja hili. Pambano la kwanza la ubingwa lilipigwa Desemba 1979 mjini Split, Yugoslavia ya wakati huo, kati ya Mate Parlov na Mmarekani Marvin Camel, likaisha kwa sare. Walirudiana Machi 1980, Camel akashinda. Wakati ule mwisho ulikuwa pauni 190; ulipandishwa hadi 200 mwaka 2003.

Kutovuma kunatokana na fedha. Mabingwa wakubwa wa kruza hawakai. Evander Holyfield alipanda uzito wa juu, David Haye akapanda, Oleksandr Usyk naye akapanda. Anayebaki anabaki na mkanda, lakini fedha nyingi na kamera ziko juu.

Nimesikia Makabu alipigwa pambano lake la kwanza kabisa. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Alizaliwa Kananga mwaka 1987, akaenda kujitafutia Afrika Kusini, na alipopanda ulingoni kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa, mwaka 2008, alipigwa kwa KO, yaani aliangushwa na kushindwa kuendelea. Halafu akashinda mapambano 19 mfululizo, 18 kati ya hayo kwa KO. Huyo ndiye aliyepanda ulingoni Liverpool, Uingereza, mwaka 2016 kupambana na Tony Bellew.

Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi mapromota wengi wanaabudu rekodi isiyo na doa. Kijana anapangiwa wapinzani dhaifu kumi na tano, anaitwa hatari, kisha anakutana na bondia wa kweli na kila kitu kinaporomoka. Makabu alijua uchungu wa kupigwa tangu siku ya kwanza, na alirudi mazoezini.

Aliwezaje kumwangusha Tony Bellew kisha akapigwa yeye? (Msomaji, Mombasa)

Lilikuwa pambano la kuwania mkanda wa WBC uliokuwa wazi, tarehe 29 Mei 2016, kwenye uwanja wa Goodison Park. Bellew ni mzaliwa wa Liverpool na shabiki mkubwa wa Everton, kwa hiyo alikuwa anapigana nyumbani kabisa, mbele ya watu wake. Raundi ya kwanza ikielekea ukingoni, Makabu, ambaye ni mashoto, alimpata kwa mkono wake mzito na Bellew akaenda chini.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa maoni yangu. Makabu aliona mwisho umekaribia, akaanza kutafuta konde moja la kumaliza kazi. Bellew aliyekuwa ameumia akapata muda wa kupumua, raundi ya pili akajipanga, na ya tatu akambana Makabu kwenye kamba na kumshushia mvua ya makonde. KO, raundi ya tatu. Bondia aliyezoea kumaliza wapinzani mapema huwa hana mazoea ya kusubiri, na mashoto anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka hadi kwenye kamba anampa mpinzani nafasi ya bure. Yote mawili yalimtokea usiku uleule. Litazame tena pambano hilo ukizima sauti ya watangazaji, uitazame miguu yake tu.

Tusimulie kuhusu ubingwa wa Kinshasa. (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa furaha. Baada ya Liverpool ilimchukua karibu miaka minne kurudi kwenye mlango ule. Juni 2019 alikwenda Yekaterinburg, Urusi, akamsimamisha Dmitry Kudryashov katika raundi ya tano. Kudryashov alikuwa mpigaji wa kuogopwa, na ushindi huo, ugenini namna ile, ulimrudisha kwenye foleni ya ubingwa. Tarehe 31 Januari 2020 akapigana na Michał Cieślak wa Poland, ambaye hakuwa amewahi kupoteza, kuwania mkanda wa WBC uliokuwa wazi tena. Safari hii pambano lilikuwa Kinshasa.

Msomaji wa Lubumbashi anajua uzito wa jina hilo kwenye ngumi. Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walizichapa Kinshasa, kila mmoja akiahidiwa dola milioni tano, na Ali akashinda kwa KO ya raundi ya nane. Dunia nzima ikaujua mji. Lakini usiku ule Wakongo walikuwa wenyeji na mashabiki. Waliopigana walikuwa Wamarekani wawili. Hata Kalambay wenu, Sumbu Kalambay mzaliwa wa Lubumbashi, alipotwaa mkanda wa WBA (chombo kingine cha ubingwa wa dunia) wa uzito wa kati mwaka 1987, aliutwaa Italia na akiwa bondia wa Italia. Makabu alipigana raundi zote 12 nyumbani, majaji wote watatu wakampa ushindi, na mkanda ukavikwa kiuno cha Mkongo kwenye ardhi ya Kongo. Desemba mwaka huohuo akautetea palepale Kinshasa, akimsimamisha Mnigeria Olanrewaju Durodola raundi ya saba.

Kwangu mimi mapambano hayo mawili yana thamani kuliko mengi yaliyopigwa Las Vegas mwaka ule. Nasikitika sana kwamba hayakuoneshwa na kuzungumzwa ipasavyo Afrika Mashariki.

Kwa nini hakupigana na Canelo Álvarez? (Msomaji, Muscat)

Novemba 2021 Canelo, bondia wa Mexico, alikuwa ametoka kukusanya mikanda yote minne mikubwa ya supa midoli, uzito unaoishia kilo 76.2. Siku chache baadaye, kwenye mkutano mkuu wa WBC uliofanyika Mexico City, kocha wake Eddy Reynoso aliomba Canelo aruhusiwe kuwania mkanda wa Makabu. Ombi likakubaliwa. Fikiria: mtu aruke laiti hevi yote na kwenda moja kwa moja kwa bingwa wa kruza. Kwa Makabu hiyo ingekuwa malipo makubwa kuliko yote maishani mwake.

Lakini kwanza Makabu alitakiwa kuutetea mkanda mbele ya Thabiso Mchunu wa Afrika Kusini, waliyekwisha kukutana Durban mwaka 2015, Makabu akashinda kwa KO ya raundi ya 11. Walirudiana Januari 2022 huko Warren, Ohio. Mchunu alimsumbua sana kwa ufundi wake, na Makabu alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Canelo akachagua njia nyingine: Mei 2022 alipambana na Dmitry Bivol katika laiti hevi, na akapoteza.

Simlaumu Canelo; bondia ana haki ya kuchagua. Nalaumu utaratibu unaomfanya bingwa halali asubiri uamuzi wa mtu ambaye hata si wa uzito wake. Miezi ile, jina la Makabu lilitajwa dunia nzima, na karibu kila mara lilitajwa kama ngazi ya mtu mwingine.

Na mkanda aliupotezaje? (Msomaji, Nakuru)

Kwa Badou Jack, tarehe 26 Februari 2023 huko Diriyah, Saudi Arabia, akasimamishwa katika raundi ya 12. Jack ni Mswidi mwenye baba Mgambia, na aliiwakilisha Gambia kwenye Olimpiki ya 2008. Alikuwa na miaka 39, na kwa ushindi ule akawa bingwa wa dunia katika uzito wa tatu. Lilikuwa pambano la utangulizi kabla ya Jake Paul na Tommy Fury. Ubingwa wa dunia wa WBC ukatangulia ili watu wapashe viti joto! Hilo bado linaniuma.

Nani bora kuliko wote katika kruza, Holyfield au Usyk? (Msomaji, Kampala)

Usyk. Holyfield alitwaa mkanda wa WBA Julai 1986 mjini Atlanta katika pambano lake la 12 tu, raundi 15 dhidi ya Dwight Muhammad Qawi, na baadaye akapelekwa hospitali kwa kuishiwa maji mwilini. Aprili 1988 akaunganisha mikanda mitatu ya wakati ule. Ni makubwa hayo.

Ila Usyk aliikusanya yote minne ya siku hizi, tena ugenini. Alimfuata Krzysztof Głowacki Poland, akamfuata Mairis Briedis kwao Riga, akamaliza na Murat Gassiev mjini Moscow Julai 2018. Kila mara ukumbi ulikuwa wa mpinzani, na kila mara aliondoka na mkanda. Ukitaka kujua ugenini kunavyomlemea bondia, rudi kwa Makabu pale Goodison Park.

Nina miaka 21 na kilo 88. Nimecheza ngumi za ridhaa, nataka za kulipwa. Nianzie wapi? (Msomaji, Kigoma)

Kabla ya promota, tafuta watu wa kufanya nao sparingi, yaani mapigano ya mazoezi. Hili ndilo tatizo kubwa la kilo zako huku kwetu: klabu zimejaa vijana wa kilo 55 hadi 70, na ukifanya mazoezi na wadogo kila siku unazoea kuwatisha, hujifunzi kujilinda. Makabu alihamia Afrika Kusini; mdogo wake, Martin Bakole, akaenda kuweka kambi Uskoti. Huenda nawe ukalazimika kusafiri, hata kama ni Dar es Salaam tu kwa kuanzia.

Pata leseni kupitia kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa Tanzania, TPBRC, na vipimo vya afya uvifanye kwa ukweli, pamoja na macho na kichwa. Mkenya Robert Wangila, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki ya 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas. Ukipigwa KO, pumzika muda wote utakaoambiwa na daktari, hata promota akikupigia simu kila asubuhi. Na usisaini mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa.

Huyo Bakole yukoje? (Msomaji, Bujumbura)

Yuko uzito wa juu, na ni mkubwa kweli. Agosti 2024 alimsimamisha Jared Anderson raundi ya tano, Los Angeles, Anderson akiwa hajawahi kupoteza. Februari 2025 alikubali kupambana na Joseph Parker mjini Riyadh kwa taarifa ya siku mbili tu, baada ya Daniel Dubois, aliyekuwa apigane na Parker, kuugua; Bakole akapigwa raundi ya pili. Mei akatoka sare na Efe Ajagba. Akipewa kambi kamili ya wiki kumi na mpinzani anayejulikana mapema, sioni wengi wa uzito huo watakaopenda kumkabili.